Aliyetembea Asipotazamwa

Katika mji ule mtu hakuzaliwa siku aliyozaliwa. Alizaliwa siku alipotazamwa. Kabla ya hapo aliitwa Bado, awe binti wa juzi au awe na mvi kichwa kizima, na jina alilopewa na mama yake lilibaki kuwa jina la ndani, la kuitiwa chakula. Bado hakuoa wala hakuolewa. Bado hakuulizwa neno barazani. Tena kulikuwa na jambo ambalo wenyeji hawakupenda kulisema kwa sauti: sura ya Bado haikukaa kichwani. Uliweza kuketi naye mkeka mmoja, mkala na mkacheka, kisha ukafika mlangoni kwako ukajikuta hukumbuki kama pua yake ilikuwa nene au nyembamba.

Kutazamwa kwenyewe kulikuwa hivi. Mji ulizungukwa pande zote na uwanda wa tope jeusi, tope linalommeza mbuzi kabla hajamaliza kulia, na hakuna aliyejua linakoishia. Inasemekana mababu walilivuka kwa ngongoti, yale magongo marefu yanayofungwa miguuni kwa kamba, mtu akawa mrefu kuliko paa la nyumba yake. Walitoka wapi, na kwa nini waliacha kuvuka, hilo lilikuwa limesahauliwa. Zilibaki ngongoti tu. Kila mwaka kiangazi kilipokolea, ilipofika Siku ya Macho, waliofikia umri walizipanda na kuuzunguka uwanja mbele ya mji mzima. Aliyemaliza bila kuanguka, Msimamizi wa Jukwaa alimfunga kitambaa chekundu mkononi, na kuanzia saa hiyo watu wakaweza kumkumbuka.

Songoro alikuwa fundi wa milango. Lakini mji haukumjua kwa milango. Ulimjua kwa ngongoti. Alipokuwa kijana aliruka kwa gongo moja, aligeuka hewani, aliinama hadi akamvua mzee kofia kichwani na kumvisha tena, na watu wakashika vifua vyao. Mwenyewe alisema kazi ile haikuwa yake, ilikuwa ya macho. "Nikiwa juu nayahisi yananipita kwapani," aliwaambia waliomuuliza. "Yananinyanyua. Nianguke vipi na watu wote wale wamenishika?" Kwa hiyo alipopata binti, naye mke wake akafariki mtoto angali mchanga, Songoro aliona kitu cha kumpa ni kile kile kilichompa yeye uhai. Alimtazama.

Alimtazama akitambaa. Alimtazama akisimama dede. Somoe, ndilo jina la ndani la binti huyo, alipofika umri wa kupanda ngongoti, baba yake alimchongea za mti mwepesi, akamfunga kamba, akarudi nyuma hatua chache, akakunja mikono kifuani na kukodoa.

"Goti, Somoe! Goti!"

"Nalikunja, baba."

"Hulikunji, unalivunja. Inua kiuno. Usitazame chini. Usinitazame mimi. Tazama mbele."

"Mbele wapi?"

"Mbele! Huko!"

Na Somoe alikuwa ameshafika chini, vumbi mdomoni.

Ikawa hivyo asubuhi na jioni. Kadiri baba alivyozidi kutazama, ndivyo miguu ya binti ilivyozidi kuwa migeni. Songoro hakuelewa. Aliamini jicho ni jicho. Hakujua kwamba kwa mtu aliyekwisha kujua, macho ya watu ni mikono inayomshika kwapani, na kwa mtu anayejifunza, mikono ile ile humsukuma. Goti la mtoto hukunjika lenyewe, kama kope inavyofumba. Lakini liulize, likiwa njiani, linakunjika vipi. Litasimama kujibu. Na goti la mtu aliye juu ya magongo likisimama kujibu, mtu huanguka. Kila neno la Songoro lilikuwa swali kwa kiungo cha mwili wa mwanawe, na viungo vya mwili havina ulimi. Vilijibu jinsi vilivyoweza.

Siku ya Macho ya kwanza, Somoe alianguka kwenye kona ya uwanja. Ya pili, alianguka kabla hajasimama wima, na mji ukatoa ile sauti ambayo si kicheko wala si huruma. Kila mtu alipewa nafasi tatu. Aliyeanguka ya tatu alibaki Bado mpaka kaburini, na kaburi lake halikuwekewa jiwe.

Songoro alianza kuogopa jambo dogo la aibu. Akiwa kazini, randa mkononi, alijaribu kuiwaza sura ya mwanawe, ikawa inakuja kwa shida. Macho aliyapata. Kidevu kilikuwa kinapotea.

Ilikuwa wakati wa masika, mchana, alipopita nyuma ya ghala la zamani la chumvi akitafuta njia isiyo na madimbwi. Ghala lile lilikuwa halina mtu tangu wakubwa wa mji walipohamisha chumvi. Akasikia ko, ko, ko, miti ikigonga sakafu. Kwenye ukuta wa udongo palikuwa na ufa. Akaweka jicho.

Somoe alikuwa ndani, juu ya ngongoti, akimenya chungwa.

Alikuwa akitembea huku akimenya, kisu mkono mmoja, ganda likining'inia hadi magotini pake, mdomo umejaa, akiimba kwa pua. Hakuwa akitembea kama mtu anayejaribu kutembea. Alikuwa akienda tu. Alipomaliza chungwa alijifuta viganja kwenye gauni, akazunguka nguzo, akainama ubavu mpaka mkono ukagusa sakafu, akainuka, akaruka kwa gongo moja, kisha lingine, kisha akafanya jambo ambalo Songoro hakuwahi kulifanya wala kuliona: alijiachia aanguke, akaanguka kweli, na katikati ya kuanguka akabadili nia. Alicheka peke yake. Nje ya ukuta mzee mzima alikuwa akilia, paji la uso kwenye udongo uliolowa.

Jua halikusogea. Songoro alikuja kuapa baadaye kwamba alisimama pale tangu jua likiwa juu ya mnara wa mji mpaka miguu ikafa ganzi, na alipotoa jicho ufani jua lilikuwa pale pale juu ya mnara. Kama kwamba saa nayo ilikuwa inangoja mtu wa kuitazama, na mtu pekee aliyekuwepo alikuwa anamtazama Somoe.

Nimwite? aliwaza. Nikimwita ataanguka. Niondoke? Nikiondoka nani atakuwa ameona? Na ikiwa hakuna aliyeona, limetokea? Limetokea, si nimeona mimi. Lakini mimi sipo. Kwake mimi sipo, niko kazini, naranda mlango. Basi aliyeona ni nani? Huyu aliye hapa ukutani, tope hadi vifundoni, ni nani?

Hakumwambia binti yake. Jioni ile alimtazama wakila, kidevu kikawa kimerudi mahali pake, akafurahi sana, na wakati huo huo akasukuma sahani yake pembeni. "Umeshinda wapi leo, mwanangu?" aliuliza. "Nilikuwa tu," Somoe alijibu, na Songoro akaitikia kwa kichwa kama mtu asiyejua. Uongo wake wa kwanza ulikuwa huo, wa kuitikia kwa kichwa.

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na siku nyingine nyingi. Aliijua njia ya madimbwi kwa miguu yake yote miwili. Alijiambia anafanya hivyo kwa mapenzi, na yalikuwa mapenzi kweli. Hakuna aliyempenda Somoe kuliko yeye. Lakini kwa nini alitembea upande upande alipokaribia ghala? Kwa nini alishika pumzi? Mtu anayetazama kilicho chake hashiki pumzi. Humo ndani Somoe wakati mwingine hakupanda ngongoti kabisa. Alikaa kwenye sakafu akavua kitambaa cha kichwa, akazungumza na mama yake ambaye hakumjua, akamwambia anaogopa kuzikwa bila jiwe. Songoro alisikia. Ilimpasa kuondoa sikio lake pale ukutani. Hakuliondoa.

Siri ile ingekaa kwake, na labda ingemla yeye tu, kama si Bi Zamda. Bi Zamda alikuwa jirani, muuza vitumbua, mwanamke wa maneno mengi na roho isiyo mbaya. Alikuwa akimhesabia Songoro vitumbua vyake vya asubuhi akasema, kwa kumhurumia tu, "Mzoee mapema, Baba Somoe. Mtoto Bado si msiba. Dada yangu alikuwa Bado, tuliishi naye vizuri. Sasa hata nikitaka kumkumbuka alivyokuwa..." Akakuna mkono.

"Mwanangu si Bado," alisema Songoro.

"Mimi nasema tu."

"Mwanangu anatembea kuliko mimi nilivyotembea. Kuliko mtu yeyote."

"Sawa, baba."

Lile "sawa, baba" ndilo lililomshinda. Mchana ule alimshika Bi Zamda mkono akampeleka nyuma ya ghala, akamwekea kidole mdomoni, akamsogeza kwenye ufa. Bi Zamda alitazama. Alipogeuka alikuwa mtu mwingine. "Songoro," alisema kwa kunong'ona, akasahau hata kumwita kwa jina la mtoto, "huyu uliyemficha humu ni nani?" Na Songoro, badala ya kuona aibu, alijisikia yuko tena uwanjani, kijana, mikono ya watu ikimpita kwapani.

Bi Zamda alimleta shoga yake. Shoga alimleta mumewe. Ukuta ukawa na ufa wa pili, kisha tundu lililotobolewa kwa msumari. Haikupita muda mrefu akaja Msimamizi wa Jukwaa mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya chini, akatazama kwa kitambo kirefu, kisha akamwita Songoro pembeni.

"Fundi Songoro, Siku ya Macho huyu ataanguka."

"Najua, bwana."

"Na itakuwa ya tatu."

"Najua."

"Sheria inataka mtu atazamwe na mji." Msimamizi alikuna shingo. "Haisemi ajue kwamba anatazamwa."

Songoro alielewa mara moja. Inawezekana alikuwa amelielewa hilo kabla hata Msimamizi hajafungua kinywa, na alichokuwa akingojea ni mtu mwingine wa kulisema.

"Matundu yatobolewe akiwa kisimani," Msimamizi aliendelea. "Watu wakae kimya. Atembee kama anavyotembea. Tukimaliza tunamfunga kitambaa, amekuwa mtu. Utamnyima mwanao jambo hilo?"

Utamnyima? Swali lile Songoro alilibeba hadi nyumbani na kuligeuza kila upande. Kama angekataa, mwanawe angefutika. Kama angekubali, angekuwa amemuuza. Lakini amemuuza kwa nani, na kwa kitu gani, na anayepata faida si ni yeye mwenyewe aliyeuzwa? Aliweza kumwambia. Angemwambia, "Somoe, nimekuona." Maneno mawili hayo. Angekasirika, angelia, halafu pengine wangefikiri pamoja la kufanya. Songoro alijaribu kuyasema maneno yale akiwa peke yake karakanani, akashindwa hata mbele ya mbao. Alikubali.

Asubuhi ya Siku ya Macho, mji ulitangaziwa, ili Somoe asikie, kwamba Msimamizi anaumwa na matembezi yamesogezwa mbele. Somoe alishusha pumzi kama mtu aliyeondolewa jiwe kifuani.

"Basi nitajifanyia mambo yangu," alisema. "Wewe, baba?"

"Nina mlango wa kumaliza. Nitachelewa."

Somoe alifika mlangoni akasita. Alikuwa na kawaida ya kuinamisha kichwa akitafakari. "Baba, lile ghala la chumvi. Nyuma yake huwa kuna watu?"

"Watu wa nini?"

"Siku hizi nahisi... Sijui. Kama ukuta unapumua."

"Hakuna mtu," alisema Songoro. "Nakuapia."

Mji mzima ulisimama nje ya kuta za ghala, pande zote. Watoto walibebwa, midomo imezibwa kwa viganja. Wazee waliwekewa viti kwenye matundu ya chini. Songoro alipewa ufa wake wa zamani, kwa heshima.

Somoe aliingia, akafunga mlango, akakaa chini. Akavua kitambaa cha kichwa. Mwanzoni hakutembea, alizungumza. Alimwambia mama yake kwamba leo ameepuka, lakini kesho au kesho kutwa ataanguka tu, na kwamba kinachomuuma si kuwa Bado, kinachomuuma ni uso wa baba yake anapoanguka. "Ananitazama kama mtu anayezama," alisema. "Nami ndiye maji." Aliiga sauti ya baba yake, Goti, Somoe, Goti!, akacheka, kisha akalia kidogo, akajifuta pua kwa upindo wa gauni. Mji mzima ulisikia. Bi Zamda aliinamisha uso. Songoro alihisi watu wa kulia na wa kushoto wakijiepusha kumtazama yeye, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuomba asitazamwe.

Kisha Somoe alifunga kamba akainuka.

Waliokuwepo hawakuweza kueleza vizuri alichofanya. Wengine walisema alicheza. Wengine walisema hakucheza, alikuwa akifikiri, ila alifikiri kwa miguu. Wote walikubaliana kwamba kwa muda ule kila mmoja alijisahau, na mzee mmoja alilia kwa sababu alijiona mwenyewe mle ndani, akiwa kijana, akitembea. Alipofika pale pa kujiachia aanguke na kubadili nia, Bi Zamda alisahau. Kigelegele kilimtoka.

Somoe alisimama wima katikati ya ghala. Hakuanguka. Aligeuza kichwa taratibu. Aliyaona macho, tundu kwa tundu, kuta zote nne, ya juu na ya chini. Alipofika kwenye ufa wa zamani alisimama hapo zaidi.

Akainama, akakaa juu ya furushi la magunia, akafungua kamba moja, akafungua ya pili. Mlango ukafunguliwa, watu wakaingia kwa vifijo, Msimamizi akamfunga kitambaa chekundu, wanawake wakamkumbatia, wakamwita jina lake kwa sauti: Somoe! Somoe! Kila mmoja aliikumbuka sura yake. Naye aliwaacha wafanye walivyotaka, mikono imelegea. Umati ulipopungua alimwendea baba yake.

"Tangu lini?"

"Mwanangu, sasa wewe ni..."

"Nimeuliza tangu lini."

"Tangu masika."

"Tangu masika," alisema Somoe. Macho yake yakaenda mbali, na Songoro akaona anachokifanya: alikuwa anarudi nyuma siku moja moja, anajikuta humo ndani, na katika kila siku anaweka jicho ukutani.

Aliishi miezi iliyofuata kama mtu mzima anayeheshimiwa. Aliulizwa neno barazani. Alikuja mchumba, akaja mwingine. Lakini hakupanda ngongoti tena, na si hilo tu. Alianza kuangusha vikombe. Alikuwa akisuka nywele zake mwenyewe tangu utotoni. Sasa vidole vilijikwaa. Alitembea chumbani kwake kama mtu anayetembea jukwaani, hatua za kupimwa, hata mlango ukiwa umefungwa kwa komeo, hata akiwa amezima taa. Songoro alimsikia akijigonga kwenye meza ambayo imekaa mahali pale tangu kabla hajazaliwa.

Songoro aliziba matundu ya ghala moja moja kwa udongo na viganja vyake. Kisha alimjengea binti yake ua wa mawe nyuma ya nyumba, ukuta mnene usio na hata pa kupitisha sindano. Kazi ile ilimvunja mgongo. Alipomaliza alimwita. Somoe aliuzunguka ua ule, akapapasa mawe, akagonga hapa na pale kwa kifundo cha kidole.

"Ukuta mzuri, baba."

"Ni wako. Hakuna atakayekuona humu."

"Nitajuaje?"

"Nakuapia."

Somoe alimtazama, bila hasira. Hilo ndilo lilimchoma. "Uliniapia hata siku ile," alisema. "Baba, mimi zamani nilikuwa na mahali. Palikuwa si ghala. Palikuwa huku." Akajigusa chini ya kifua. "Sasa nikiingia nawakuta mmekaa kwenye viti."

"Niambie nifanye nini."

"Sijui," alisema Somoe. "Ningejua ningekwambia."

Songoro akaacha kumtazama. Alianza kula akiwa amempa mgongo. Alipomsikia akija kwenye ujia aligeukia ukuta mpaka apite. Watu walimcheka, wakasema fundi amerukwa na akili, amempa mwanawe sura na sasa yeye mwenyewe haiangalii. Bi Zamda hakucheka. Hakukumbuka ilikuwaje kile kigelegele kikamtoka, na kila alipopita pale mlangoni aliacha vitumbua bila kubisha hodi.

Kutotazama kukamfundisha Songoro mambo. Alijua sasa kwamba jicho lake halikuwahi kuwa la kupokea tu. Lilikuwa linachukua. Miaka yote alidhani anampa mwanawe uhai, kumbe alikuwa anajichotea wake. Aliyependa kuonwa ni yeye, na mtoto alikuwa kioo alichokisimamisha uwanjani. Nilimpenda, alijiambia akiwa ameelekea ukuta. Nilimpenda na nikamla. Yote mawili. Nisijitoe kwenye moja kwa kutaja jingine.

Ukaja ukungu. Haukuja kila mwaka, na mwaka ule ulikuja mzito, mweupe, wa kukaa. Mtu aliunyoosha mkono ukapotea kwenye kiwiko. Mji ukanyamaza, maana watu walijifungia ndani. Kutoka na kutoonwa kuliwaogopesha. Asubuhi moja Songoro alisikia mlango wa Somoe, kisha kitu kirefu kikigusa boriti.

"Baba."

Akageukia ukuta kwa mazoea.

"Baba, naomba unifunge kamba. Vidole vyangu havinitii."

Walikwenda hadi lango la mji, pale ukuta unapokoma na tope linapoanza. Songoro alitangulia akipapasa. Somoe alikaa juu ya ukuta mfupi wa mawe. Songoro alipiga magoti, akafumba macho, akaitafuta miguu yake kwa mikono. Alikuwa hajaigusa tangu akiwa mtoto. Alizungusha kamba chini ya unyayo, juu ya kifundo, akavuka, akakaza, akauliza kama inabana.

"Umefumba?" Somoe aliuliza.

"Nimefumba."

Songoro alihisi vidole usoni pake. Vilipita kwenye paji la uso, vikashuka kwenye nyusi, vikagusa kope za jicho la kulia, za jicho la kushoto, vikakaa hapo. Vilikuwa baridi. Kope zilikuwa zimefumba kweli. Vilikaa kitambo, kisha vikaondoka.

"Sijui tope linaishia wapi," alisema Somoe. Sauti yake sasa ilitoka juu. "Sijui hata kama ninaweza bado. Nataka nijue peke yangu."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka mimi."

Songoro alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kusema nisamehe, na akaona kwamba hata neno hilo lilikuwa kuomba atazamwe. Akageuka, akaweka uso kwenye mawe ya ukuta wa mji.

Alisikia magongo yakiingia topeni na kutoka. Chwe. Chwe. Mwanzo yalikuwa ya kusitasita, yenye mapengo, na kwa kila pengo moyo wake ulisimama. Kisha yakashika mwendo. Yakaenda. Yakawa madogo. Songoro alihesabu kwa mwili wake, goti lake likikunjika na kukunjuka pale alipokuwa.

Kisha yakanyamaza.

Hapakuwa na yowe. Hapakuwa na kitu. Ukungu ulikuwa mweupe hata nyuma ya kope. Yuko katikati, aliwaza Songoro, huko ambako mbuzi hamalizi kulia. Ameanguka. Hajaanguka, anapumzika. Amesimama anasikiliza kama namfuata. Nikiita, na amesimama, nitamwangusha. Nisipoita, na anazama, nitakuwa nimemwua mara ya pili, safari hii kwa kufumba. Nani alisema kutotazama hakuna hatia? Geuka, mzee. Hutaona kitu, ni ukungu mtupu, kugeuka tu. Lakini alijua kwamba kugeuka ndiko kulikokatazwa, si kuona. Aliyauma mawe. Damu ikaingia mdomoni. Hakugeuka.

Chwe.

Mbali sana. Chwe. Chwe. Na tena, kwa mwendo wa mtu anayemenya chungwa, mpaka sikio halikuweza kutofautisha sauti ile na damu yake mwenyewe.

Ukungu uliondoka jua lilipopanda, na watu wakatoka. Walimkuta Songoro bado ameegemea ukuta, mgongo kwenye uwanda. Bi Zamda alikuwa wa kwanza kuona.

"Baba Somoe! Geuka uone! Matundu ya ngongoti hayo, yamekwenda mpaka macho yanakoma. Yamenyooka! Pale katikati tu yamesongamana, kama aliyumba, halafu angalia alivyo..."

"Zamda, nyamaza."

"Hutaki kujua alivyojiokoa?"

"Nataka," alisema Songoro. Midomo yake ilikuwa imevimba. "Nataka kuliko kitu chochote. Nyamaza. Hayo ni yake."

Watu wakasogea ukingoni kutazama, wakionyeshana kwa vidole. Songoro alifumba macho, akaweka kiganja kwenye ukuta, akaanza kurudi nyumbani akiupapasa jiwe kwa jiwe, na waliokuwa njiani wakampisha.